Jinsi nilivyoiunganisha printa yangu ya zamani ya breli na kompyuta ya kisasa

Ushauri niliopewa zaidi kuliko wowote ni kwamba ninunue printa mpya. Waliosema hivyo hawajawahi kuulizia bei yake. Printa ya breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, si printa ya wino; hupiga nukta kwenye karatasi kwa nyundo ndogo. Hata iliyokwisha kutumika ni fedha nyingi. Na hii yangu ilikuwa nzima, ila imetengenezwa enzi za poti ya siriali (tundu la zamani la kebo ya data), na kompyuta yangu ina matundu ya USB tu. Naandika kwa ajili ya mwalimu au mwanafunzi asiyeona mwenye mashine kama hii, imefunikwa kitambaa pembeni kwa sababu fundi fulani alisema imekufa. Huenda haijafa.

Nilijuaje kuwa yangu ni nzima? Printa nyingi za breli zina jaribio lake la ndani: unaiwasha huku umeshikilia kitufe kilichotajwa kwenye kitabu chake, nayo inachapa alfabeti na mipangilio yake bila kompyuta kuhusika. Ukurasa huo ukitoka safi, basi tatizo liko kwenye kebo au kwenye kompyuta, na yeyote anayetaka kuifungua mashine mwambie aweke bisibisi chini. Tena ukurasa huohuo unakupa namba utakazozihitaji baadaye. Wangu ulisema kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama; ni mipangilio ya mawasiliano ambayo kompyuta nayo lazima iifuate. Nimeutunza mpaka leo.

Fundi wa kwanza alikazania draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa. "Mwalimu, bila draiva hapa hatufiki." Akapachika draiva ya printa ya kawaida, akatuma waraka, na mashine ikatoboa kurasa kadhaa za upuuzi mtupu kwenye karatasi nzito ambayo haipatikani kirahisi. Lazima itokee hivyo, kwa sababu draiva ile hutuma amri za kuchora ukurasa, na printa ya breli inasubiri herufi. Seli ya breli ina nukta 6, kwa hiyo michanganyiko yote, pamoja na nafasi tupu, ni 64, na kila mmoja umepewa alama yake ya ASCII (seti ya kawaida ya herufi na alama za kompyuta). Faili la BRF, yaani faili la breli lililo tayari kuchapwa, ni hizo alama tu. Kwa maandishi, printa haihitaji kingine. Usilichape kwa Notepad, maana itakuongezea jina la faili juu na namba ya ukurasa chini. Lisukume moja kwa moja kwenye poti kwa amri ya copy, kwenye dirisha la amri la Windows.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa na shida: adapta ya USB kwenda siriali, kebo iliyopishanishwa (waya wa kutuma wa upande mmoja unaingia kwenye wa kupokea wa upande wa pili), kompyuta ikaipa poti jina la COM5. Nikatuma barua fupi, ikatoka bila kosa. Kila mtu akapiga makofi.

Halafu nikatuma kitabu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi. Kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo maneno yalivyozidi kuliwa. Penye "mwanafunzi" kidole changu kilikuta "mwanzi", kwenye sentensi iliyohusu darasa. Mbele zaidi ziliyeyuka sentensi nzima. Nikaambiwa nyundo zimechoka, zibadilishwe zote, na gharama niliyotajiwa ilikaribia ya mashine nyingine iliyotumika. Nilikataa, na sababu yangu nataka kila mwenye printa aishike: nyundo iliyochoka hukosa nukta ileile kila mahali. Kama ni ya nukta ya 3, basi kila l inasomeka kama b na kila k inakuwa a. Haiwezi kuruka herufi nzima, ikarudi kuwa njema, kisha ikaruka tena. Isitoshe, barua fupi zilitoka salama kila mara. Ugonjwa ulikuja na urefu wa faili.

Hapo nikapiga hesabu. Kwa kasi ya 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, na kila herufi ikichukua biti 10, kompyuta inatuma takriban herufi 960 kwa sekunde, na printa yangu inapiga makumi tu. Zinazozidi zinawekwa kwenye kumbukumbu ya printa, na kumbukumbu ikijaa, printa inatoa ishara ya "ngoja". Kompyuta isipoipata ishara hiyo inaendelea kumimina, kama mtu anayejaza mtungi uliokwisha kufurika. Ishara yenyewe inasafiri kwenye waya wake peke yake. Nikachukua mita yenye mlio, ile inayolia pini mbili zikiwa zimeungana, nikaipima kebo pini kwa pini. Mlio ulisikika kwenye pini ya 2, ya 3 na ya 5. Kwenye ya 7 na ya 8, ambako ishara ya "ngoja" hupita, kimya. Kebo ilikuwa na nyaya tatu tu ndani! Data zilipita, lakini "ngoja" haikuwa na njia.

Kebo kamili ilikuwa bado kupatikana na wanafunzi walikuwa wanakisubiri kitabu. Nikashusha kasi pande zote mbili mpaka 300. Kwa kasi hiyo zinapita herufi 30 hivi kwa sekunde, chini ya uwezo wa nyundo, kwa hiyo kumbukumbu haijai kamwe. Kitabu kilitoka kizima, neno kwa neno, kwa kebo ileile waliyosema haina kasoro na nyundo zilezile walizosema zimekufa. Tena hakikuchelewa sana, kwani mwendo wa kazi hii siku zote unaamuliwa na nyundo. Najivunia hilo, na sioni haya kulisema.

Kebo yenye nyaya zote ilipokuja (bei yake haifiki hata ya boksi la karatasi) nilirudisha 9600, na sasa naandika hivi kabla ya kuchapa:

mode COM5 baud=9600 parity=n data=8 stop=1 octs=on rts=hs
copy /b kitabu.brf COM5

Hiyo octs=on ndiyo inayoilazimisha kompyuta kusubiri. Kama printa yako inaelewa XON/XOFF (ishara za "endelea" na "ngoja" zinazosafiri kwenye nyaya zilezile za data), nyaya tatu zinatosha; weka xon=on badala yake na uwashe mpangilio huo kwenye printa pia.

Kuna jambo lingine linalowatesa watu: kila jina la mtu kuanza na koma, na mwaka 2024 kusomeka "bjbd" nyuma ya alama ya ajabu. Maana yake maandishi yametafsiriwa mara mbili. Programu yako imeshayageuza kuwa breli (mimi natumia BrailleBlaster, ni ya bure), kisha printa inayageuza tena kwa jedwali lake la ndani. Zima jedwali la printa, ichape inachopewa kama kilivyo.

Na ukitumia A4, usiandae faili la seli 40 kwa mstari. Kila seli inachukua kama milimita 6, hivyo seli 40 zinataka sentimita 24, na A4 ina 21. Kila mstari utakatika na kuacha kipande kifupi chini yake. Panga seli 30 na kidogo, upate na nafasi ya kujalidi.

Mwisho, chomeka adapta kwenye tundu lilelile la USB kila siku. Adapta nyingi zikihamishwa tundu hupewa namba mpya ya COM, na amri uliyozoea haitafika popote. Namba ikipita 9, copy huikubali ukiiandika \\.\COM10.