Mieleka ya koboko nyuma ya nyumba yetu Newala

Miaka tisa nimekaa Durban, Afrika Kusini. Nimerudi Newala mwezi wa saba, wakati wa kupulizia mikorosho, shati lote linanuka salfa. Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikasikia mama anapiga ukunga nyuma ya nyumba.

Pale kwenye kichuguu, nyoka wawili, koboko, wamejisokota kama kamba ya katani, wameinuka usawa wa kiuno changu. Huyu anamlalia mwenzie shingoni, anamkandamiza, wanaanguka pu! kwenye majani makavu, wanainuka tena. Wa tatu alijilaza kando, mdomoni mwa tundu. Huyo sikumwona mimi, mjomba ndiye aliyenionyesha.

Watu wakajaa. Wengine wakasema wanapandana. Mama akasema wametumwa: mtoto karudi na mabegi, majirani wameyaona.

Sasa Durban koboko wapo humohumo jijini, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane wakamata nyoka simu haziwatulii. Mmoja alikuja kwa jirani yangu, akatueleza: wale ni madume, wanagombea jike. Hawaumani. Ni mieleka tu, anayebanwa kichwa chini mara nyingi ndiye anayeondoka. Jike akipita huacha harufu, madume huinusa kwa ulimi wakaifuata, ndiyo maana unawakuta watatu mahali pamoja wakati koboko kwa kawaida hutembea peke yake.

Nikayamwaga yote hayo, nimejiona profesa. Vijana walishashika fimbo, mmoja na kidumu cha petroli. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kichuguu kile kina koboko tangu mimi sijazaliwa, na ndiyo sababu babu alijenga choo upande wa pili. Miaka yote nimezunguka nyumba kwenda chooni na kulaani umbali ule! Kwetu mjomba akishasema, fimbo zinashuka.

Walipigana karibu saa nzima. Mwishowe mmoja akajichomoa, akateleza kuelekea bondeni upande wa Ruvuma, kasi ambayo vijana wenye fimbo waliiona vizuri.

Jioni nikamkuta mama anamwaga salfa kuizunguka nyumba, mstari wa njano mpaka mlangoni kwangu. Nikamwambia, mama, salfa ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, haifukuzi nyoka.

"Huko Durban," akaniuliza bila kuinua kichwa, "mikorosho ipo?"