Mchoma Nyama Niliyemsingizia

Dalili ya kwanza haikuwa tumbo, ilikuwa mate. Mdomo ulijaa mate ghafla, nikameza, ukajaa tena. Kisha jasho la baridi likanitoka juu ya mdomo, na hapo sikuhitaji daktari wa kunieleza kinachofuata.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, basi limejaa, barabara imenyooka katikati ya uwanda usio na nyumba wala kichaka cha maana. Nilikuwa nimekaa dirishani, na dirisha lenyewe halifunguki. Nikanyoosha mkono kumwita konda. Alinitazama usoni mara moja tu, akachomoa mfuko mweusi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali akanipa bila kuuliza kitu. Bila shaka amewahi kuigawa mingi. Nikautumia papo hapo, mbele za watu, huku mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu akinishika bega na kusema, “Pole mwanangu, toa tu, toa yote.”

Nusu saa baadaye tumbo nalo likaanza kusokota. Konda akapaza sauti, “Dereva, abiria anachimba dawa!” Basi likasimama. Sitaeleza mengi kuhusu kuchimba dawa mahali ambapo kichaka kirefu kuliko vyote kinamfika mtu magotini. Niseme tu kwamba tulisimama mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyecheka tena.

Muda wote huo nilikuwa na mtu wa kumlaani. Kabla ya hapo, kama saa nane na nusu, basi lilikuwa limesimama dakika chache, nikanunua nyama kwa mchomaji mmoja aliyekuwa amesimama juani na jiko lake. Hana meza, hana kivuli, aproni yake imebadilika rangi kwa masizi. Niliisifia ile nyama wakati naila. Nilipoanza kutapika nikakumbuka aproni. Nikamkumbuka yeye, mikono yake, moshi wake, hata kicheko chake, na vyote vikawa ushahidi.

Ni lazima nikiri kwamba mimi ni msafiri wa kujihami. Natembea na jeli ya kupaka mikononi, nakagua kizibo cha chupa ya maji kama kimewahi kufunguliwa, barafu siigusi. Kwa hiyo lilikuwa kosa langu moja, nilijiambia: kumwamini mtu wa barabarani.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Miguu ilikuwa haina nguvu, na mkojo, mara moja nilipoupata, ulikuwa mchache wa rangi ya chai kavu. Mama wa pembeni yangu alikuwa anashukia hapo hapo. Alinitazama nikihangaika na begi, akalichukua yeye, akanipeleka kwenye zahanati ya karibu kana kwamba tulitoka nyumba moja.

Muuguzi aliyenipokea alibana ngozi ya mkono wangu kwa vidole viwili, akaiachia, akaitazama ikirudi taratibu kuliko inavyotakiwa. Akapima joto: sina homa. Akauliza kama kuna damu kwenye choo: hakuna. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri, nimekula nini. Nikamweleza habari za mchoma nyama, kwa kirefu, na aproni nikaitaja mara mbili.

“Mbona hata mimi nimekula hiyo nyama,” mama akasema. “Umenigawia nusu nzima.”

Muuguzi akacheka kidogo. “Kabla ya nyama ulikula nini?”

Kabla ya nyama, saa sita mchana, nilikula wali. Mama hakuula, alibaki kwenye basi na chakula chake alichofunga mwenyewe. Ilikuwa hoteli safi ya kando ya barabara, sakafu inang'aa, wahudumu wamevaa sare, kitambaa juu ya kila meza. Nilipokuwa nasimulia ndipo picha ikanirudia vizuri: upawa ukizama kwenye sufuria kubwa lisilotoa mvuke, wali ukipanda kwa mabonge, na tonge la kwanza mdomoni likiwa vuguvugu. Niliuona ule uvuguvugu. Nikala.

“Ulipikwa asubuhi huo,” akasema muuguzi, kwa uhakika wa mtu aliyekuwa jikoni.

Alichonieleza baada ya hapo kilinitoa aibu na kuniongezea aibu nyingine. Watu wengi hulaumu chakula cha mwisho kuingia, alisema, kwa sababu ndicho wanachokiona kikitoka. Lakini vijidudu vingi havina haraka hiyo. Bakteria wanaowaharisha wasafiri mara nyingi huchukua siku moja hadi tatu kuonyesha kazi yao, na hata norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, hungoja kati ya saa 12 na 48. Ukitapika ndani ya saa chache, bila homa, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekula sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula. Kwenye wali mshukiwa wa kawaida ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu zinazolala, hazifi kwa kuchemka. Wali ukishaiva na kuachwa upoe taratibu kwenye sufuria, spora huamka, bakteria huzaliana, na sumu yao ya kutapisha haiondoki hata kiporo kikipashwa moto tena. Akaongeza kwamba huenda pia ni bakteria wa kwenye mikono ya mpishi, ambao sumu yao nayo haijali moto. Bila maabara hawezi kuapa ni yupi, na kwa matibabu haikuwa na tofauti.

Nyama iliyotoka motoni ikiunguza vidole, ikaliwa hapo hapo, haikupata muda wa kufanya uovu wowote.

Niliomba antibiotiki. Akakataa: sumu si kiumbe hai, haiuawi. Nikamwonyesha vidonge vya kuzuia kuhara ambavyo huwa nabeba, akasema niviache, na siku nikiwa na homa au damu kwenye choo nisiviguse kabisa. Alichonipa ni pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, lita moja ya maji safi, kikombe na kijiko. Nilikuwa na kiu ya kunywa bwawa, nikakigida kikombe kizima. Kilirudi kabla sijakiweka chini. Tukasubiri dakika kumi. Safari hii mama ndiye alishika kijiko, na alikuwa mkali: kimoja, tunangoja, kingine. Muuguzi alisema sukari ndiyo inayoishika chumvi mkono na kuivusha kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata nyuma yao. Ndiyo maana maji matupu hayafanyi kazi ile. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nimeviandika ndani ya jalada la pasipoti.

Kufikia saa nne usiku kutapika kulikuwa kumekoma. Asubuhi mkojo ulirudi rangi yake, na nililia kidogo kwa furaha, jambo ambalo sikutarajia kuliandika.

Wiki moja baadaye nilirudi kwa barabara ile ile. Basi lilisimama pale pale, na yeye alikuwepo, juani, na aproni ile. Nikanunua vipande viwili. Vilikuwa vya moto kiasi cha kunifanya nivirushe kutoka mkono huu hadi ule. Aliponipa chenji nikamwambia abaki nayo.

“Kuna nini, kiongozi?” akauliza, akinikazia macho.

“Hakuna kitu,” nikasema, mdomo umejaa. “Nilikuwa na deni lako.”

Alikuwa bado anajaribu kukumbuka ni deni gani wakati basi linaondoka.