Hoki ya Manchester imeangukia Idi

Kwenye mlango wa friji ya chumba chetu cha chai kazini kuna karatasi imebandikwa kwa sumaku ya duka la pizza. Ni jedwali la timu 16 za hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani, unaandika unaodhani watashinda, na kila mfanyakazi ana rangi yake ya kalamu. Mimi nilipewa zambarau. Hakuna pesa, ni sifa tu. Ingekuwa pesa, Ramadhani hii nisingeigusa hiyo kalamu. Hadi leo Jumanne, Machi 25, 2025, nimejaza kila mahali isipokuwa sehemu moja: Manchester. Wenzangu wameanza kunisema. Wewe ndiye unayekwenda uwanjani, halafu wewe ndiye hujui umshike nani?

Manchester hii si ile ya United na City. Hii iko jimbo la New Hampshire, Marekani, kilomita kama 50 kaskazini ya Lowell, Massachusetts, ninakokaa, ukiufuata mto Merrimack kuelekea juu. Mto mmoja, miji miwili, na yote miwili ilijengwa na viwanda vya pamba. Ile merikani waliyovaa bibi za bibi zetu, iliyoshonewa hata matanga ya majahazi, ilitoka viwanda vya huku New England na kufika Unguja kwa merikebu za bandari ya Salem. Siku hizi majengo ya viwanda ni nyumba za kupanga na ofisi, na Lowell imejaa Wakenya wanaoingia zamu za usiku kwenye nyumba za kulelea wazee. Nami ni mmoja wao. Nimetoka Kisauni, nina miaka 12 hapa.

Utauliza mtu wa Kisauni na hoki wapi na wapi. Kwetu hoki niliyoijua ni ile ya nyasi, ya Mombasa Sports Club, ukipita nje unasikia magongo yakigongana. Ya barafu, Kenya nzima ninayoijua ni timu ya Ice Lions, inayofanyia mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, Nairobi. Mimi nilianza kwa bahati mbaya, Machi 2013, miezi miwili tu tangu nishuke ndege. Timu ya chuo cha hapa, UMass Lowell, ilipangiwa Manchester hiyohiyo kwenye mchujo wa kanda, na mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi moja imelala. Nikaenda na koti la kuazima, na leso nimejifunga ndani.

Lowell iliifunga Wisconsin 6-1. Mabao saba, wallahi sikuona hata moja! Wanachokipiga si mpira. Ni kisahani cheusi cha raba, unene wa inchi moja, upana wa inchi tatu, wenyewe wanakiita paki, na wanakigandisha kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mimi nakitafuta kushoto, huku watu wameshasimama wanapiga kelele. Siku ya pili ya mchujo, dhidi ya chuo cha New Hampshire, ikaisha 2-0 nami nikaliona bao moja kati ya mawili. Nikajiona nimehitimu. Lowell ikaingia nne bora ya nchi kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikatolewa na Yale kwenye muda wa nyongeza, na Yale wakaenda kubeba kombe. Mji mzima ulinuna wiki nzima, na mimi nilinuna nao. Hapo ndipo nilipojua nimekamatwa.

Mwaka huu Lowell haimo. Timu yangu imebaki nyumbani, mechi zinachezwa dakika 45 kutoka mlangoni kwangu, na tiketi nilishanunua zamani. Sina budi kuazima timu. Na kuazima timu si kama kuazima sufuria, mtu anakuchunguza umeazima kwa nani.

Mpangilio wenyewe hauna huruma. Timu 16 zimegawanywa kanda nne: Manchester, Toledo, Fargo na Allentown. Ukifungwa mara moja tu unafunga mabegi. Hakuna marudiano, hakuna cha kusema ngoja waje kwetu. Hapa Manchester Ijumaa kuna mechi mbili, mchana Boston College na Bentley, jioni Providence na Denver. Washindi wanakutana Jumapili, na atakayebaki anakwenda St. Louis kwa nne bora, Aprili 10 na 12.

Mtaalamu wangu ni mzee mmoja ninayemhudumia. Mimi namwita Babu, naye alipojua maana yake akakataa kuitwa kwa jina lake tena. Amesoma Boston College, na chumbani kwake kuna bendera ya rangi ya maruni na dhahabu iliyoning'inizwa juu ya kitanda mahali ambapo kwetu ungeweka Ayatul Kursi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia. "Usikitafute kisahani," aliniambia, "tazama mabega ya kipa. Kipa anajua kiliko." Tangu siku hiyo nayaona mabao.

Kwa Babu hakuna mjadala. Boston College ni namba moja kwa viwango kati ya timu zote 16. Wana Ryan Leonard, ambaye msimu huu anaongoza kwa mabao hoki nzima ya vyuo, na golini wana Jacob Fowler, kijana wa Florida. Hilo la Florida linanifurahisha mno. Mtoto amezaliwa kwenye joto na minazi kama yetu, akaamua kazi yake ni kusimama juu ya barafu arushiwe raba iliyoganda. Lakini Babu akilala huwa nawaza mengine. Hawa Boston College walitolewa na Northeastern robo fainali ya ligi yao, hawajacheza tangu hapo, na mwaka jana walifika fainali wakiwa na kikosi cha kutisha wasipate hata bao. Walifungwa 2-0.

Waliowafunga ni nani? Denver. Na Denver ndio hao wanaokuja Manchester, mabingwa watetezi, makombe 10, chuo chochote kingine hakijafika hapo. Kipa wao wa fainali ile, Matt Davis, bado yuko. Nyuma wana Zeev Buium, beki anayepanda mbele kama mtu aliyesahau kazi aliyoajiriwa. Jumamosi iliyopita walipoteza fainali ya ligi yao kwa Western Michigan baada ya muda wa nyongeza mara mbili, na kwenye mtoano muda wa nyongeza si dakika tano tano. Ni dakika 20 kamili, tena na tena, hadi mmoja afunge, basi. Kwa hiyo wanakuja wamechoka na wana hasira. Boston College wanakuja wamepumzika na wana deni. Mimi kwa akili yangu ndogo, mwenye hasira namwogopa zaidi.

Katikati yao wamo Providence, ambao kazini hakuna aliyewapa nafasi, maskini. Lakini hao wana kombe la 2015, na walivyolipata ni kisa. Fainali ilichezwa Boston, wapinzani ni Boston University wanaongoza 3-2, dakika zimebaki chache. Mchezaji wa Providence akarusha kisahani juu kutoka mbali, mradi kiende mbele. Kipa akakidaka. Kisha kikamponyoka, kikapita kati ya miguu yake mwenyewe, kikaingia golini. Ikawa 3-3, na Providence wakamaliza 4-3. Babu hasemi Providence walishinda mwaka ule. Husema kipa alishindwa.

Ndiyo maana nikiulizwa juu ya mechi za mtoano siulizi nani ana mafowadi wazuri, nauliza golini kuna nani. Kipa akiwa na siku mbaya ligi ya miezi mitano haimsaidii. Na mashabiki wanajua. Likiingia bao, upande uliofunga unamnyooshea kipa vidole kwa pamoja na kumwita chujio, chujio, chujio, bendi ya chuo inapiga matarumbeta. Mara ya kwanza kuelezwa maana yake nilicheka peke yangu, kwa sababu nilichokiona kichwani ni kifumbu cha mama, kile cha kuchujia tui.

Neno hilo sasa ni la Nalongo. Huyu ni Mganda, mama wa mapacha, anakaa Waltham, mji wa karibu na Boston. Waltham ni ya Waganda kama Lowell ilivyo ya Wakenya. Matoke utayapata usiku wa manane. Na chuo cha Bentley kiko hapohapo Waltham. Nalongo alikuwa hajui hata kwamba kina timu ya hoki hadi Jumamosi, waliposhinda kombe la ligi yao kwa kuifunga Holy Cross kule kwao Worcester. Hii ndiyo mara yao ya kwanza kuingia kwenye mashindano haya. Jumapili timu zilipotangazwa alinipigia simu, sauti imempanda: "Sisi tunacheza na namba moja!" Sisi! Siku moja ya ushabiki na tayari ni sisi. Nikamuuliza anajua jina la mchezaji hata mmoja. Akanijibu, "Nitayajua Ijumaa. Wewe nifundishe tu lile neno la kifumbu."

Tunakwenda naye. Gari tutaliacha kwa Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu anayekaa Manchester karibu na Elm Street, si mbali na SNHU Arena, ukumbi wa mechi zenyewe. Jana ameniandikia: "Mukuye mapema, mutaacha gari huku kwetu, na mimi nitapika." Hoki haimhusu kabisa. Anasema watu wanaovaa viatu vya visu na kushika fimbo hawezi kuwaita wanamichezo. Nimejaribu kumweleza kwamba hoki ya vyuo ina nidhamu, wote wamevaa wavu usoni, na ukirusha ngumi unatolewa na mechi inayofuata unakaa nje. Hakushawishika.

Kwenye kupika ndipo penye kasheshe. Ijumaa itakuwa Ramadhani 28. Mechi ya mchana nitaitazama nimefunga, katikati ya watu kama 10,000 wanaokula bisi na soseji, na ile harufu ya vitunguu vya kukaanga inakuja hadi safu za juu. Hiyo nimeizoea. Mechi ya jioni ndiyo yenye hesabu. Magharibi ya Manchester sasa ni saa moja na dakika chache, kwa hiyo futari itanikuta katikati ya mchezo, labda Denver wako wachezaji wanne kwa watano, mwenzao amefanya kosa na kufungiwa dakika mbili kibandani. Mfukoni nitakuwa na tende tatu, na maji nitayanunua mapema. Mbaazi na mahamri vitangoja kwa Mama Neema hadi usiku. Nalongo si Mwislamu, lakini ameapa naye hatakula hadi nile. Namjua. Kufikia kipindi cha pili cha mechi ya kwanza nitamkuta na ndizi mkononi.

Jumapili ndiyo haina jibu. Mwezi ukiandama Jumamosi, Jumapili ni Idi, na fainali ya Manchester ni siku hiyohiyo. Usipoandama, ni funga ya 30 na hoki tena. Swala ya Idi ni asubuhi, hiyo haina mgogoro, lakini baada ya hapo kuna pilau, kuna watoto wa watu wanaongoja peremende, kuna simu za Kisauni zinazoanza kabla ya jua na zisizoisha. Mume wangu amesema nichague. Nimemwambia mimi sichagui, nangojea mwezi.

Jana usiku nilimweleza Babu haya wakati nikimpima presha. Anataka Jumapili, nikiwa uwanjani, nimpigie simu niishike juu asikie bendi ya chuo chake. Nikamwambia huenda nisiwepo, itategemea mwezi.

"Nani anaamua?"

"Mwezi wenyewe, Babu. Ukionekana."

"Na utajua lini?"

"Jumamosi jioni."

Akafikiri kidogo, mkono bado umo ndani ya kile kitambaa cha kupimia. "Kwa hiyo Jumamosi mimi naomba mawingu."

Nikamwambia mawingu ya Lowell hayazuii kitu, mtu ataona kwingine atatangaza. Akaguna. Akaniuliza kama nimeshajaza ile karatasi ya kwenye friji. Nikamwambia bado, nikamvua kitambaa, nikaandika namba zake: 138 kwa 80. Nilipokuwa nafika mlangoni akaniita.

"Ukiandika Denver," akasema, "andika kwa penseli."