Kwenda kwenye theluji: chagua tombola (mitumba) kwa lebo, si kwa uzito

Watu wengi wanaotoka Goma kwenda Kanada, Ufini au Norwe hununua koti moja zito la kuchosha mabega, wakadhani wamemaliza. Lakini joto hutoka mwilini mwako, na kinacholizuia lisipotee ni hewa iliyotulia ndani ya nguo na kati ya nguo na nguo. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, hushinda hilo koti, na ukiingia kwenye basi lenye joto unavua moja tu.

Nguo hizo zinapatikana hapa hapa Goma, Birere au soko la Virunga, kwa bei ndogo kuliko utakayoikuta huko. Geuza nguo ndani nje, tafuta lebo ubavuni. Ya kugusa ngozi iwe laine (yaani sufu) au polyester. Ikiwa ni coton 100% (pamba tupu), irudishe, hata kama ni nene na nzuri. Pamba hunywa jasho na kukaa nayo, na kitambaa kibichi hufyonza joto la mwili upesi. Ukitembea haraka hadi kituoni kisha ukasimama dakika kumi ukingoja basi, hapo ndipo utaanza kutetemeka. Sufu hata ikilowa kidogo bado inakupa joto. Ya katikati iwe sweta ya sufu au polari, kile kitambaa chepesi chenye vinyweleo laini.

Koti la nje kazi yake kubwa ni kuzuia upepo. Kwenye baridi ya nyuzi −20, upepo wa kilomita 30 kwa saa hufanya ngozi iliyo wazi ihisi kama −33, na ngozi hiyo inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Likiwa la manyoya ya ndege, likamate kwa mkono, libane, uachie: linatakiwa kuvimba tena lenyewe. Lishike kwenye mwanga wa jua. Ukiona manyoya yamejikusanya pembeni na katikati pako wazi, baridi itaingia hapo. Jaribu zipu mara kadhaa, juu hadi chini, na ulivae juu ya sweta: usipoweza kuinua mikono, ni dogo, maana likibana linaifukuza ile hewa. Ukilifua, tumia sabuni kidogo, usilikamue kwa kulisokota. Likaushe likiwa limelazwa, ukivunja mabonge kwa vidole mara kwa mara. Msimu wa mvua hilo linachukua siku kadhaa, kwa hiyo usilifue usiku wa kuamkia safari.

Buti nunua huko. Za tombola mara nyingi soli imezeeka. Ukiikunja utaona nyufa nyembamba, na kwenye baridi kali itakatika. Chagua zinazoacha nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na miguu inakuwa baridi kuliko ungevaa moja. Glovu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto kuliko zilizotenganishwa.

Akina mama wenye misuko mikubwa, nunueni kofia pana na mshone satini kwa ndani, kwa sababu sufu inakata nywele. Vazelini ipakwe usoni na mikononi kabla ya kutoka. Hewa ya nyumba za huko zenye joto la mashine ni kavu sana.

Kuhusu watoto nasisitiza. Mtoto akibebwa mgongoni kwa kitenge, suruali hupanda na vifundo vya miguu vinabaki wazi. Mvalishe soksi ndefu zifike magotini, kisha mama avae koti kubwa linalowafunika wote wawili, uso wa mtoto ukiwa nje apumue. Kujua kama ana baridi, gusa shingo yake kwa nyuma. Mikono ya mtoto hupoa hata akiwa sawa. Na ndani ya gari, mvue koti nene kabla ya kufunga mikanda ya kiti chake, kisha umfunike nalo juu ya mikanda. Gari likigonga, koti hubonyea, mkanda unalegea na mtoto anaweza kuchomoka.

Ukivuka Grande Barrière, mpaka wa Goma na Rwanda, kwenda kupanda ndege Kigali, koti, kofia na glovu ziwe kwenye mfuko wa mkononi. Sanduku huchelewa au hupotea njiani, na baridi inakungoja mlangoni pa uwanja wa ndege.