Raba ya kabureta ilipasuka mara 3, hivi ndivyo nilivyoimaliza

Pikipiki yangu ni ya njia za vumbi na matope, silinda moja, stroki nne, ya kabureta. Ndani ya miezi michache nilibadilisha mara 3 ile raba inayounganisha kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) na hedi, yani kichwa cha injini, wengine wanaiita menifodi. Ni kipande kidogo, upande mmoja kinafungwa na bolti 2 kwenye hedi, upande wa pili kabureta inaingia unakaza klipu, lakini kikipasuka pikipiki nzima inaumwa.

Mwanzo sikujua ni raba. Asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto unaachia akseleta injini haishuki, inabaki inalia juu kama vile kuna mtu kashika waya, kwenye mteremko inapiga risasi kwenye ekzosi, na plagi ukiifungua nyeupe pee. Nikaihukumu kabureta. Nikafungua, nikasafisha jeti (vitundu vya kupitishia petroli), nikacheza na skrubu ya hewa, leo inatulia kesho yaleyale, yani wiki nzima nimeinama tu hapo. Kumbe hewa ilikua inaingia pembeni bila kupita kwenye kabureta, kwa hiyo hewa inazidi petroli inapungua na injini inachemka kuliko kawaida.

Niliipata kwa maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Injini inanguruma taratibu, napuliza pole pole kuzunguka raba, nikafika juu kwenye shingo mlio ukabadilika saa hiyohiyo. Naomba sana, usitumie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kutafuta hewa inapovuja, injini ya moto inaweza kushika moto, na hiyo dawa inaila raba inakua laini na kuvimba. Mi raba ya pili nilikua naipulizia hiyo dawa kila nikishuku, naamini niliifupishia maisha.

Raba ya kwanza nikasema imezeeka. Ya pili nikasema spea mbovu. Ya tatu nikanunua orijino kabisa, nikafunga kwa makini, nayo ikapasuka, hapo moyo ukaniuma kweli. Rafiki yangu mmoja aliyezoea injini akaniambia, "Zile za zamani unazo? Hebu zipange zote pamoja." Bahati nzuri sikuzitupa. Tukazipanga mezani, zote 3 zimepasuka palepale, juu kwenye shingo, karibu na bapa la bolti, ule upande bapa unaokaa kwenye hedi. Raba inayokufa kwa joto au kwa uzee inakua na nyufa ndogondogo kila mahali na inakakamaa, hizi mwili mzima ulikua bado laini ila zina mpasuko mmoja tu. Akasema, "Hii inavutwa. Tafuta kinachoivuta."

Sasa fikiria kabureta imekaa wapi. Mbele imeshikwa na injini kwa hiyo raba, nyuma imeshikwa na bomba la boksi la filta ya hewa, na boksi limefungwa kwenye fremu. Kama injini inacheza kwenye fremu hata kidogo, anayepinda ni raba. Na injini kwenye mizunguko 6000 kwa dakika inazunguka mara 100 kila sekunde, kwa hiyo mchezo mdogo tu ukitetemeshwa hivyo siku nzima, raba gani itavumilia?

Nikashika bolti zote za injini kwa spana, zote zimekaza. Hapo ndo ningekata tamaa, lakini nikachukua rangi nyeupe nikachora mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye bracketi ya juu inayoshika hedi kwenda kwenye fremu, mingine kwenye bolti za chini, alafu nikaenda kuendesha kama kawaida yangu, kupanda, kuruka, kila kitu. Kurudi, mistari ya chini mizima, ule wa juu umekatika na rangi imesagika. Kutoa bolti naona tundu la bracketi limetanuka limekua na umbo la yai. Nati imekaza lakini bolti inacheza ndani ya tundu, kwa spana usingejua kamwe.

Nikabadilisha bracketi na bolti yake. Kosa la pili lilikua langu. Lile bomba la boksi la filta limekakamaa na kusinyaa, kila nikirudisha kabureta nilikua nailazimisha ikae, yani raba inaanza maisha ikiwa tayari imevutwa. Hilo nalo likabadilishwa. Siku hizi nafunga hivi: kwanza kabureta inaingia na kusimama yenyewe bila kusukumwa na wima kabisa, ndo nakaza klipu, na klipu naikaza mpaka kabureta isizunguke kwa mkono basi, siikazi mpaka raba inafinyika pembeni. Zile bolti 2 za hedi ni za milimita 6, Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha, ukizidisha bapa linapinda na hewa inapita hapohapo.

Baada ya hapo nikaangalia na ile oil sili ya sproketi ya mbele, yani raba inayozuia oili isitoke kwenye shafti ya sproketi, nayo ilikua inavuja kila nikibadilisha. Safari hii sikukimbilia kununua, nikafuata mpira wa kupumulia wa injini mpaka mwisho wake, nikakuta umezibwa na udongo mkavu. Injini ikikosa pa kupumulia presha inatafuta njia, na sili ndo mlango mwepesi. Nikauzibua, nikapitisha ukucha kwenye bushi ya shafti kama kuna mfereji, haukuwepo, nikaweka sili mpya.

Raba ya nne imeshamaliza msimu mzima wa matope. Kila nikiosha pikipiki naangalia ule mstari mweupe wa kwenye bracketi kwanza, bado haujakatika.