Kabla kontena halijafungwa: kuagiza mashine ya kukamua alizeti kutoka China

Mashine ikishafika Singida ikashindwa kukamua, kosa lenyewe kwa kawaida lilifanyika miezi kadhaa nyuma, siku ile profoma (ankara ya awali ya muuzaji) ilipolipwa. Profoma nyingi za mashine hizi zina mstari mmoja tu: namba ya modeli, "tani 10 kwa siku", bei, FOB Qingdao (yaani bei inaishia mzigo ukipakiwa melini bandari ya Qingdao). Mnunuzi analipa asilimia 30, anatumiwa picha mbili tatu, analipa 70 iliyobaki, na kuanzia hapo hana tena kitu cha kumbana muuzaji. Nguvu yako yote ya kudai iko kabla kontena halijafungwa. Likishaondoka, unabembeleza.

Tuanze na hizo tani 10. Kiwanda huhesabu saa 24 bila kusimama, yaani kama kilo 417 kwa saa. Wewe ukifanya kazi saa 10, umenunua mashine ya tani 4 na kidogo. Na mara nyingi namba hiyo ilipimwa kwa karanga au soya, si kwa alizeti yenye maganda. Kwa hiyo usikubali neno "kwa siku". Andika kilo kwa saa, aina ya mbegu, kiwango cha unyevu, na asilimia ya mafuta yanayoruhusiwa kubaki kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa.

Hilo la mashudu ndilo wengi hawaliandiki, na ndilo linalokula faida kimyakimya. Chukua kilo 100 za mbegu yenye mafuta asilimia 40. Mashudu yakibaki na mafuta asilimia 8, unapata karibu kilo 35. Yakibaki na asilimia 14, unapata kama kilo 30. Kwa anayekamua tani 2 kwa siku, hizo ni zaidi ya kilo 90 za mafuta zinazotoka getini kila siku ndani ya magunia ya mashudu. Mashine zote mbili, ya asilimia 8 na ya asilimia 14, kwenye video zinaonekana zinafanya kazi vizuri sana.

Ndiyo maana jaribio la kiwandani lazima liandikwe kwenye mkataba, na liandikwe kwa undani. Lifanyike kwa alizeti ya mafuta, ile mbegu ndogo nyeusi. Usipotaja hivyo watanunua alizeti iliyo karibu nao, na huko China inayolimwa kwa wingi, hasa Mongolia ya Ndani, ni ile ya kutafuna, ndefu, yenye mistari, ganda nene na mafuta machache. Matokeo yake hayakuambii chochote. Mashine iendeshwe saa nzima mfululizo baada ya kupata moto, kwa sababu silinda ikiwa ya baridi mashudu hutoka mabichi na kila mtu atasema "ngoja kwanza ipate joto". Mbegu, mafuta na mashudu vipimwe kwenye mizani inayoonekana, na kibao chenye namba ya mashine kionyeshwe kwanza. Omba simu ya video ya moja kwa moja. Video iliyorekodiwa inaweza kuwa ya mashine ya mteja mwingine. Kama fedha ni nyingi, kodi mkaguzi wa SGS, Bureau Veritas au Intertek aende mwenyewe, achukue sampuli ya mashudu na kuifunga kwa lakiri, ipimwe maabara. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na msimu mmoja uliopotea.

Umeme nao una mtego wake. China ni volti 380 na hezi 50, Tanzania ni 400 na hezi 50, kwa hiyo watu huona mambo yanalingana. Soma kibao cha mota. Kama kimeandikwa 220/380, delta kwa sta (njia mbili za kuunganisha waya za mota), mota hiyo huwezi kuiwasha hapa kwetu kwa stata ya sta-delta, ile inayoanzia sta kisha kuhamia delta: ikihamia delta itapata volti 400 kwenye waya uliosukwa kwa 220, na itaungua. Unataka 380/660 au 400/690. Ukikuta hezi 60 ujue ilitengenezwa kwa soko lingine, na mzunguko utashuka kutoka kama 1,730 hadi 1,440 kwa dakika, na uwezo wa mashine utashuka nao.

Vipuri viagize siku hiyo hiyo, ndani ya bei hiyo hiyo: seti mbili za skrubu na pete za kukamulia, na seti moja ya vipande vya silinda. Hivi vinalika haraka kama mbegu ina mchanga, na huvipati Kariakoo kwa sababu kila kiwanda kina vipimo vyake. Beringi na mikanda ni kinyume chake. Dai namba za kawaida, mfano 6308 au 6309, ziandikwe kwenye mchoro, ili fundi wako azipate dukani bila kusubiri China. Na mchoro wenyewe usainiwe na pande zote mbili kabla chuma hakijakatwa.

Sasa pesa. Kwanza jina: akaunti ya benki lazima iwe kwa jina lile lile lililo kwenye leseni ya biashara, kwa herufi za Kichina, yenye namba ya usajili ya tarakimu na herufi 18 kwa jumla. Akaunti ya mtu binafsi, usilipe. Ukipata barua pepe inayosema "tumebadilisha benki", piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Wengi wameibiwa hapo, na pesa ikishatumwa hairudi.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni 30, 60, 10: kumi ya mwisho baada ya mashine kukamua kwako. Wengi watakataa. Basi shikilia kwamba ile 70 hailipwi mpaka ripoti ya jaribio itoke. Barua ya mkopo ya benki, yaani benki kuahidi kumlipa muuzaji kwa niaba yako, inasaidia, lakini benki hulipa kwa kuangalia hati, haiangalii mashine. Kama cheti cha ukaguzi hakimo kwenye orodha ya hati zinazotakiwa, benki italipa hata kwa chuma chakavu. Na angalia kalenda: kuelekea mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, utasikia "lipa leo tupakie kabla ya likizo". Hapo ndipo majaribio hurukwa. Heri isubiri mwezi.

Kabla ya kupakia, muulize wakala wako wa forodha kama mzigo unahitaji cheti cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) cha ukaguzi wa huko huko, na hakikisha mbao za kreti zina muhuri wa HT, yaani zimetibiwa kwa joto. Kisha taka picha kwa mpangilio: kontena tupu, kontena nusu, kreti ya vipuri ikiwa wazi na kila kipande kimehesabiwa, mlango umefungwa, namba ya sili. Namba hiyo ilingane na iliyo kwenye BL, hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Ikilingana, tuma salio.