Namba za Bajaji Mkononi mwa Binti Yangu

Jioni moja binti yangu wa miaka 14 alikuwa akiosha vyombo uani kwetu Tabata, nikaona ameandika kwa kalamu namba ya usajili ya bajaji kwenye mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Nilipomuuliza, alinijibu bila kusita: "Mama, nikipotea mtajua pa kuanzia."

Chanzo kilikuwa vipindi vya Kimarekani vya uchunguzi wa watu waliotoweka, ambavyo alivitazama kwenye king'amuzi kabla sisi hatujarudi kazini. Baba yake alitaka tuifunge chaneli hiyo kwa namba ya siri usiku uleule. Nilimwomba anipe wiki mbili, kwa kuwa nilijua fika kwamba binti angevitafuta kwenye simu na kuvitazama peke yake, chini ya shuka.

Nikakaa naye. Nilitarajia damu, lakini haikuwa nyingi kama nilivyohofia, na ile alama ya umri pembeni mwa skrini haikunisaidia sana, kwa kuwa hiyo huangalia zaidi matusi, ukatili na mambo ya faragha. Kilichonisumbua ni namna vipindi vinavyoisha. Kesi ya mauaji aghalabu huishia kizimbani, ilhali ya mtu aliyetoweka mara nyingi huishia kwenye picha ya msichana anayetabasamu na namba ya simu ya kupiga, kisha linafuata tangazo la sabuni. Mtoto huenda kulala na swali lisilo na jibu, naye hulijibu mwenyewe gizani. (Na ule muziki! Nilipozima sauti tulibaki tukimtazama mwigizaji akifungua na kufunga mlango wa gari, binti akaangua kicheko.)

Nilimsimulia habari za John Walsh, ambaye mwanawe Adam, mwenye miaka 6, alitekwa dukani huko Florida mwaka 1981 na baadaye kukutwa ameuawa, naye akaja kuongoza kipindi cha kusaka wahalifu kilichoanza mwaka 1988. Polisi waliifunga kesi ya Adam mwaka 2008 tu. Nilitaka aelewe kwamba wapo wazazi wanaokubali kurekodiwa kwa sababu bado wanahitaji msaada wa watazamaji. Nilimweleza pia kwamba hata huko Marekani wengi wa watoto wanaoripotiwa kutoweka ni wale walioondoka nyumbani wenyewe, na wanaotekwa na watu wasiowajua ni wachache mno. Televisheni huwachagua hao wachache.

Swali lake gumu lilikuwa kama polisi husubiri saa 24 ndipo waanze kutafuta. Nilimwambia kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza polisi kuchelewesha taarifa ya mtoto, na kwamba hapa kwetu pia sisi tungekwenda kituoni saa hiyohiyo. Tuliandika namba 116, ya simu kwa mtoto ambayo haina malipo, nyuma ya daftari lake.

Tulikubaliana kipindi kimoja kwa wiki, mchana, nami nikiwepo. Mdogo wake wa miaka 10 haruhusiwi kabisa, na hilo sikulijadili na mtu.

Namba za bajaji hajaziacha. Siku hizi hunitumia kwa ujumbe anapopanda, nami humjibu "nimepata", hata nikiwa kikaoni.